Sweta la Ukurasa wa Tisa

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nimebana sindano mdomoni.

Mwandishi: Shikamoo dada. Ni mimi.

Fundi: Marahaba. Akina mimi ni wengi.

Mwandishi: Mdogo wako. Yule mmoja tu uliye naye.

Fundi: Ahaa, mheshimiwa mwandishi. Nisamehe, namba yako huwa haionekani hapa mpaka uwe na shida.

Mwandishi: Dada jamani, si nilikupigia juzi —

Fundi: Juzi ya mwezi gani?

Mwandishi: [anacheka] Haya, nimekosa. Kazi inaendaje?

Fundi: Ipo. Masweta arobaini ya shule, yote ya bluu. Hata nikifumba macho naona bluu. Na wewe, ile kazi yako ngumu ya kukaa?

Mwandishi: Nakaa hivyo hivyo. Ile nakala ya majaribio ya kitabu ilifika?

Fundi: Ilifika. Nimekisoma chote kati ya sweta la kumi na moja na la kumi na mbili. Maelezo ya dawa ya kikohozi yana maneno mengi zaidi.

Mwandishi: Ni kitabu cha picha, dada. Cha watoto wa miaka mitano.

Fundi: Sijakataa. Picha zimependeza. Tena sindano ni mbili, si moja kama walivyomchorea yule bibi wa kitabu chako cha kwanza, maskini, anafuma na kijiti kama anachokoa meno.

Mwandishi: Lile lilikuwa kosa la mchoraji. Sasa sikiliza, mtambo wa kuchapa unawashwa saa sita leo. Mhariri anataka wewe mwenyewe useme sawa, kwa kuwa kisa ni chako. Neno moja tu —

Fundi: Unakatika.

Mwandishi: Nimesema neno moja. Sawa. Halafu nakuacha na bluu yako.

Fundi: Ukurasa wa tisa.

Mwandishi: Una nini?

Fundi: Ngoja nivae miwani. [karatasi zinachakarika] "Dada akamvisha mdogo wake sweta la kijani alilolifuma. Moyo wake ukajaa furaha, kwa maana aliyetoa ndiye aliyepata." Na hapo juu dada mtu anacheka. Nimemhesabu meno. Kumi na nane. Huyu anauza mswaki au anatoa sweta?

Mwandishi: Watoto waone furaha ya kutoa, dada. Kitabu kizima kinahusu hilo.

Fundi: Furaha ya nani?

Mwandishi: Yako.

[Mtandao unakoroma.]

Mwandishi: Haloo? Umekatika?

Fundi: Nipo. Naitafuta hiyo furaha, sijui niliiweka wapi.

Mwandishi: Mama ndiye alikuwa akinihadithia. Kila nikiumwa, hadithi ni hiyo hiyo.

Fundi: Mama alikuwa mtunzi kukuzidi.

Mwandishi: Lakini la mikono nalikumbuka mwenyewe. Ukurasa wa kumi. Mikono imekunjwa mara nne, watoto tuliowasomea walicheka mpaka basi. Ulifuma mikono mirefu ili nikue nalo. Dada, nilipoandika pale nilitokwa na machozi. Ulikuwa na miaka kumi na nne, na tayari umenifikiria mpaka —

Fundi: Mdogo wangu. Mimi ni fundi, si fundi?

Mwandishi: Fundi.

Fundi: Umewahi kusikia mtu amenirudishia sweta kwa sababu ya vipimo?

Mwandishi: Hapana. Kwa sababu ya rangi —

Fundi: Rangi ni macho yao. Nimeuliza vipimo.

Mwandishi: Hapana.

Fundi: Mtoto anayekua anaongezewa inchi mbili. Tatu, kama mama yake ni mbahili. Lile mikono ilikuzidi inchi saba. Kifuani mngeingia wawili na paka. Sasa tumia hicho kichwa cha kuandikia.

Mwandishi: Lilikuwa la nani?

Fundi: Haloo? Mtandao huu nao —

Mwandishi: Dada, unanisikia vizuri tu. Lilikuwa la nani?

Fundi: Pale nyumbani nani mwingine alikuwa na mikono kama ngazi?

Mwandishi: Lilikuwa lako.

Fundi: Hongera. Na imekuchukua miaka thelathini tu.

Mwandishi: Mbona —

Fundi: Nilikuwa naenda bweni. Shule ipo mlimani, jua linaonekana saa sita, likijisikia. Uzi nilifumua kwenye masweta mabovu ya baba, nikaufua, nikaukausha kwenye mgongo wa kiti. Miezi mitatu nafuma. Asubuhi ya kuondoka nimelivaa, begi liko mlangoni, wewe ndani unakohoa. Mama akasema wewe ni mkubwa, mpe mwenzako, utafuma jingine. Akanivua yeye mwenyewe, akakuvisha. Wageni waliokuja kuniaga wakapiga makofi.

Mwandishi: Na wewe?

Fundi: Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nalia mpaka kamasi. Huyo wa meno kumi na nane simjui.

Mwandishi: Ulienda na nini sasa?

Fundi: Na koti la baba.

Mwandishi: [polepole] Ndiyo maana wenzako wa shule wanakuita Koti.

Fundi: Ulidhani kwa nini?

Mwandishi: Nilidhani unapenda makoti.

Fundi: Nayapenda mno. Hasa la mwanaume, lenye mfuko uliotoboka, miaka minne mfululizo.

Mwandishi: Ungesema, dada. Ungeniambia hata nilipokuwa mkubwa.

Fundi: Niseme nini? Ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba unajizungusha, "dada kanipa, dada kanipa". Nije niseme sikukupa, nilivuliwa? Mtoto mkubwa akisema hivyo anaitwa mchoyo papo hapo.

Mwandishi: Nilipona kifua nikiwa nalo.

Fundi: Najua. Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ungeendelea kukohoa, angalau ningekuwa na la kumwambia mama.

[Mtandao unakoroma.]

Mwandishi: Basi nakisimamisha. Nampigia mhariri sasa hivi namwambia hakuna kitabu —

Fundi: Acha hasira za kuazima. Kitabu kitoke. Ila huyo dada asicheke. Alie.

Mwandishi: Dada, kitabu cha furaha ya kutoa, halafu mtoaji analia? Mhariri atasema —

Fundi: Mwambie fundi kasema. Katika kila darasa yupo mtoto wa kwanza kuzaliwa. Kutwa anaambiwa mpe mwenzako, wewe mkubwa. Anatoa, roho inamuuma. Halafu anafungua kitabu chako, anakuta mwenzake ana meno kumi na nane. Si atajiona ni yeye peke yake mbaya duniani?

Mwandishi: Mchoraji akichora upya tunapoteza zamu ya mtambo. Ni miezi mitatu mbele.

Fundi: Miezi mitatu naijua. Haiui.

Mwandishi: [anavuta pumzi] Sawa. Namwambia asubiri.

Fundi: Haya. Nirudi kwenye bluu yangu.

Mwandishi: Usikate. Dada, naomba unisamehe.

Fundi: Kwa lipi? Ulikuwa na miaka minne.

Mwandishi: Kwa kudhani ulifurahi. Miaka yote hii sikuuliza hata mara moja.

Fundi: Nilifurahi. Barua ya mama ilipokuja kusema umeacha kukohoa, nilifurahi, nikaisoma mara mbili ndani ya lile koti. Lakini usiiandike hiyo, utaiharibu kwa maua.

Mwandishi: [anacheka, anapenga kamasi] Salio langu limeanza kulia. Nipe vipimo vyako upesi.

Fundi: Vya nini?

Mwandishi: Vya sweta.

Fundi: Wewe? Huna hata habari sweta linaanzia chini au juu.

Mwandishi: Nitajifunza. Kifua ngapi?

Fundi: Kuna watu wanakaa tu wakitafuta aibu —

Mwandishi: Dada, dakika inaisha. Kifua.

Fundi: Ngoja basi, futi iko shingoni. [anajizungushia futi] Unajua sijawahi kujipima? Nusu ya mji nimeupima mimi. Kifua arobaini na mbili. Ukimwambia mtu, nakukana.

Mwandishi: Mkono?

Fundi: Ishirini na tatu.

Mwandishi: Niongeze kidogo, tusije tukakosea?

Fundi: Usiongeze hata nusu inchi. Mimi nilishamaliza kukua.

[Salio limekwisha.]