Mpanga Ratiba ya Nyota Anaondoka Kilimani

Tarehe 28 Juni 2024 Mama Ernestine Ndayisenga anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha kuangalia nyota, kilimani juu ya Uvira. Alikuja kutoka Luvungi, alikokuwa mwalimu wa hesabu. Anaondoka akiwa amepanga karibu kila uchunguzi uliofanyika hapa.

Darubini haifunguliwi kwa kubahatisha. Kuna programu ya kompyuta inayoonyesha nyota ipi itakuwa juu, saa ngapi, na mwezi utakuwa wapi. Programu za kutoka nje hazikujua mahali petu, ndiyo maana Mama Ernestine aliandika yake. Aliingiza humo milima ya magharibi inayomeza nyota mapema, na wavuvi wa Makobola pia. Usiku usio na mwezi tunaoutamani sisi, wao huutamani vilevile, na taa zao za kuvutia ndagala, wale dagaa wa ziwani, huharibu anga la mashariki. Kabla ya kupanga, alipigia simu kamati yao. Toussaint, fundi wetu wa darubini, alimtania: "Weye mama, sasa iko unaomba ndagala ruhusa." Alijibu kwamba ndagala angalau wanapokea simu, si kama ofisi kuu.

Mwaka jana ofisi yetu kuu ya Kinshasa ilileta programu mpya na kuizima ile ya Mama Ernestine. Kwenye nafasi ya mahali waliiandikia nchi tu, Kongo, nayo ikachukua saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya Uvira kwa saa nzima. Mama Ernestine aliliona kosa siku hiyohiyo. Alipopiga simu, aliambiwa mashine haikosei. "Jua ya Uvira haiulizake Kinshasa," alisema, akakata.

Jioni ya tarehe 19 Julai mwaka huohuo, jiwe la angani lilikuwa lipite mbele ya nyota moja angavu na kuificha kwa sekunde chache, likionekana kutoka ukanda mwembamba unaopita Uvira. Alikuwa ameingojea jioni hiyo kwa miaka, na kwa umri wake hataipata nyingine. Paa la darubini halikufunguka, kwa kuwa sasa ni programu pekee inayoliamuru. Tulisimama naye uani. Nyota ilizimika, ikawaka tena. Saa moja baadaye paa likafunguka lenyewe, na Toussaint akaenda kuzima umeme.

Ripoti ya ofisi kuu inasema tulizuiwa na mawingu. Mama Ernestine alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, aliomba sentensi hiyo isahihishwe. Amepewa saa ya ukutani.

Basi sisi wenzake tunaisahihisha hapa, katika jarida letu wenyewe: ilikuwa katikati ya kiangazi, na juu ya Uvira hapakuwa na wingu hata moja.

Asante, Mama Ernestine. Ufike Luvungi salama, na siku zako huko ziwe za amani.