Jiwe la Kona Karibu na Choo

Husnah alipanda taksi Wandegeya akitaka kusinzia hadi Bugolobi, lakini mzee wa kiti cha mbele alikuwa amemng'ang'ania kijana aliyepakata chombo cha kupimia ardhi. "Mwenzako amepima upya," alisema, "sasa kaburi la mke wangu liko kwa jirani wa juu, na kesi iko mahakamani."

"Alianzia wapi, mzee?"

"Jiwe la kona, karibu na choo."

"Liliwahi kung'olewa?"

Mzee akatazama dirishani. Husnah, aliyekuwa akijifanya anasoma simu, akaiweka chini.

"Tulipochimba choo nafasi haikutosha," mzee akasema mwishowe. "Nikalisogeza hatua nne kwa jirani wa chini."

"Basi kiwanja chote kimelifuata, ndiyo maana kaburi limebaki nje. Mwambie hakimu ukweli, na mpaka wa kiwanja utarudi ulipokuwa."

"Sebo, bwana, nilikuwa polisi miaka thelathini. Waliosogeza mawe niliwakamata kwa mikono hii."

"Na mama aliye kaburini je, abaki kwa watu?"

Taksi ikasimama. Kondakta akaita Bugolobi mara mbili, akamgusa mzee begani. Mzee hakuinuka. Husnah pia alikuwa amefika, naye hakuinuka.