Jina la Kasimiri Lina Mtu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu hapa Mafiga, Rais wa Tawi la kanisa pamoja na waumini wako, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu mliokuja kwa upendo na mliokuja kwa harufu ya pilau, wifi yangu Asia uliyeteremka mlimani tangu alfajiri, na ninyi vijana wawili tunaowaaga leo: habari za mchana.

Naitwa Regina, mjane wa Kasimiri. Binti yangu Neema, ambaye ni muumini wa kanisa hili la Wamormoni, aliniomba niseme maneno mazuri kwa dakika tano. Nimemwambia mazuri yapo, lakini yamechanganyika na mengine kama mchele na chuya, na macho yangu siku hizi hayawezi kuchambua. Mtapokea yote.

Ndugu zangu, vijana hawa wamenichosha.

Nianze na hili la kuitwa Mzee. Mzee Dalton ana miaka ishirini na Mzee Kabeya ana ishirini na mmoja, na ndivyo kanisa lao linavyowaita wamisionari wa kiume. Sawa. Lakini mama wa umri wangu akimwona Mzee wa namna hiyo anakuja, nani amwamkie mwenzake? Mzee Dalton alilimaliza jambo hilo kwa kumpa shikamoo kila aliyekutana naye, hadi mbuzi wa jirani.

Walipiga hodi mara ya kwanza saa saba mchana, miaka miwili iliyopita, nina povu hadi kwenye viwiko. Nikasema hatununui. Mume wangu akaitika kutoka ndani, "Karibuni, karibuni!" Kasimiri hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni, ndiyo maana nyumba yetu ina majagi manne ya plastiki tusiyoyahitaji. Nikachemsha chai. Wakaikataa. Kwa heshima, kwa tabasamu, kwa Kiswahili cha darasani, lakini waliikataa, maana dini yao haiwaruhusu chai wala kahawa. Jamani, katika Morogoro hii, mgeni akikataa chai yako utamwekea nini mbele yake? Mikono?

Kasimiri hakuudhika. Alipojua kwamba Mzee Dalton anatoka Aidaho, huko Marekani, kwa wakulima wa viazi, walizungumza viazi mpaka jua likazama. Kesho yake akapanda shina la mchaichai karibu na bomba. "Haya si majani ya chai," akaniambia. "Hizi ni nyasi. Nyasi hazina dini."

Baada ya miezi mitano Neema akabatizwa. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa nilinuna wiki mbili. Nikaanza kubandika sufuria mbili kila asubuhi, moja ya chai na moja ya mchaichai, na mkaa wenyewe mnajua ulivyo. Kasimiri akawa anakunywa kikombe kutoka kila sufuria, asionekane anapendelea. "Muache mtoto, mama Neema," akasema. "Amekataa chai, hajatukataa sisi."

Mume wangu alifariki mwaka jana, mwezi wa tano, kwa maradhi ya moyo. Vijana hawa walifika msibani siku ile ile, wakakunja mikono ya mashati yao meupe, wakaosha sufuria. Nani hapa hajui habari ya zile sufuria? Mnacheka. Mwaisha, jirani yangu, wewe siku ile hukucheka. Sufuria za kuazima msibani kila moja ina alama ya rangi chini yake, ili mwenyewe aitambue. Hawa walizisugua kwa mchanga na stilwaya hadi alama zote zikatoka, zikang'aa kama zimetoka dukani. Siku ya tatu nimekaa mkekani, macho yamevimba, nawasikia wanawake huko nje: "Hii yangu!" "Yako ilikuwa na mfuniko!" "Mfuniko uliuleta wewe?" Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka ndani ya kanga. Hadi leo sijawasamehe, na wala sijui siku zile ningezimalizaje bila kicheko kile.

Baadaye walihamishiwa Dar es Salaam, nikadhani nimepona. Januari wakarudishwa.

Mwezi wa sita Mzee Dalton akaja na karatasi yenye visanduku: jina la marehemu, la baba yake, la baba wa baba yake. Neema amekaa pembeni, hanitazami. Nikaelezwa kwamba katika kanisa lao mtu aliye hai huweza kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa, na marehemu huko aliko yuko huru kukubali au kukataa. Neema anamtaka baba yake. Kinachosubiriwa ni ridhaa yangu.

Ninyi mngejibu nini? Mtoto anamtaka baba yake. Mimi pia namtaka. Lakini Kasimiri nilimzika kwa misa, na rozari yake mkononi. Nilikasirika hadi maneno yakaniishia, nikabaki na moja tu la kweli: karatasi yenu imeanzia pabaya. Sisi Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Jina la Kasimiri si la baba yake, wala si langu mimi mke. Ni la ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni dada yake, huko mlimani. Kamuulizeni yeye.

Nilidhani watachoka. Wakasema, "Twende lini?"

Tulishuka kwenye basi pale Mkuyuni, tukapanda mlima kwa miguu saa tatu nzima, wao na vile viatu vyao vyeusi vya ofisini. Wifi Asia, ambaye aliolewa na Mwislamu akasilimu, aliwasikiliza hadi mwisho huku anapepeta maharage. Kisha akasema, "Kaka yangu alibatizwa na padri. Alipokufa, mimi nikamsomea dua. Sasa na ninyi mnataka kumtia majini? Kasimiri huyu huyu aliyekuwa anaogopa maji ya baridi?"

Akamgeukia Mzee Dalton. "Na wewe mjukuu wangu, bibi yako mzaa mama hajambo?"

Mzee Dalton akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye viatu vyake. Aliyejibu ni mwenzake, Mzee Kabeya: "Alifariki mwezi wa pili. Ndiye aliyemlea. Dalton alichagua kubaki huku amalize kazi."

Mwezi wa pili! Wa pili, wa tatu, wa nne, kijana huyu alikuwa anakuja kwangu kila Jumanne kunipa pole, na msiba wake mwenyewe ameuficha mfukoni! Nani alikufundisha hivyo? Hukuona kwamba nyumba yangu ina mkeka? Nilimgombeza pale pale mpaka wifi akanishika mkono. Kisha tukatandika mkeka, majirani wakaitwa, akakalishwa katikati, akapewa pole na watu ambao hata bara lake hawalijui. Akatuambia bibi yake alikuwa anamenya kiazi kizima bila ganda kukatika. Akalia. Mzee wa miaka ishirini.

Sasa jibu. Neema mwanangu, umelisubiri miezi mitatu, na nalitoa mbele ya watu ili nisije nikaligeuza nikiyaona machozi yako. Sikukatai wewe, wala sikukatazi kumwombea baba yako kwa namna yako. Lakini jina lake siliandiki, kwa sababu haliko wazi: lina mtu. Ilipokwisha arobaini, ukoo ulimkabidhi mpwa wa marehemu, mtoto wa wifi Asia anayelima huko mlimani, jina hilo pamoja na mundu wa mjomba wake. Msikitini ni Salum, kwenye ukoo ni Kasimiri. Simama, baba, wakuone. Mnaona alivyoinamisha kichwa? Hata aibu amerithi.

Mzee Dalton, karatasi yako hii hapa, inarudi bila wino. Ukiulizwa, sema ulipanda mlimani kutafuta jina la marehemu, ukalikuta linalima maharage. Na ukifika kwenu, kabla hujafungua sanduku, nenda kaburini kwa bibi yako umpelekee shikamoo yetu.

Vijana, mmenichosha kweli kweli, na Jumanne ijayo sijui nitachoshwa na nani.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Chai iko meza ya kulia, mchaichai wa Kasimiri uko kushoto, na sufuria nitaziosha mwenyewe.