Jean-Berchmans Sebahire, Spika Aliyewaachia Wengine Waseme

Marehemu Jean-Berchmans Sebahire alizaliwa Ndera tarehe 3 Mei 1924, mtoto wa nne wa mkulima aliyependa kubishana na kila mtu, hata na mbuzi wake. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1945.

Mwaka 1951 alimwoa Swafiya, binti wa fundi cherehani Mwislamu wa mtaa wa Biryogo. Pande zote mbili zilinuna kwa sababu ya dini. Wenyewe walishikilia msimamo, kila mmoja akabaki na dini yake, na nyumbani kikatawala Kiswahili cha mama.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 alikuwa mbunge, na mwaka uliofuata wenzake walimchagua kuwa Spika. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Hata mezani watoto walinyoosha mkono kabla ya kusema, mpaka Mama Swafiya akamjia juu: "Mzee, hapa hapana Bunge! Ugali iko inapoa!" Siku moja aliagizwa afunge mjadala kabla mbunge mmoja mpinzani hajazungumza. Alikataa. "Ameomba kusema, atasema." Yule mbunge alisema, na wiki iliyofuata kiti cha Spika kikapewa mtu mwingine. Marehemu alirudi kufundisha hadi alipostaafu mwaka 1984. Mbele ya watoto hakulalamika, lakini mama anajua alivyoumia.

Furaha iliyombakia ilikuwa harusi za watu. Mtaa mzima ulimtaka awe msemaji siku ya kuomba mchumba. Kwa kitinda mimba wake, Kaze, angekaa kama baba wa binti, ambaye kazi yake ni kutamka idhini tu. Siku hiyo aliisubiri kwa hamu, na Kaze aliisubiri zaidi.

Januari 1992 kiharusi kilimnyang'anya sauti. Harusi iliahirishwa mara mbili, kwa kuwa Kaze hakutaka idhini kutoka mdomo wa mtu mwingine. Jumamosi tarehe 8 Agosti wakwe walikuja. Alipoulizwa kama anamtoa binti yake kwa mchumba wake, Manzi, marehemu alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Midomo ilihangaika, jasho likamtiririka. Msemaji wa familia alipotaka kumjibia, Kaze alilia: "Acha! Papa iko anasema!"

Tulisubiri sana. Machozi yalimtoka, neno halikutoka. Jumanne tarehe 11 Agosti, asubuhi, alifariki nyumbani kwake Biryogo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Swafiya; watoto watatu, Niyonzima, Aidah na Kaze; na wajukuu saba. Kaze hajui hadi leo kama baba alikuwa anakubali, anakataa, au anaaga. Inatuuma sote, na hakuna wa kumuuliza.

Ee Mungu, sisi hatukumsikia. Msikilize wewe, kisha umpumzishe.