Siku Watoto Walipokataa Kukaa

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na ambaye sijamgusa, habari za mchana jamani. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu nawaitikia marahaba hata kama hamjaniamkia, maana nawajua.

Mwenyekiti wa kikundi chetu kaninong'oneza nisijichoshe, niongee kidogo nikae. Nimemwambia leo nitaongea mpaka chai ipoe. Nyie wa siku nyingi mnajua sababu. Wenzetu mliojiunga juzi, sauti hii mnayoisikia, inayokwaruza kama ya mtu aliyekula mahindi ya kuchoma bila maji, siyo niliyozaliwa nayo. Mie mtu wa Njombe, kwetu tunaitana mlima kwa mlima. Niliyozaliwa nayo ilikuwa ya kumwita mtu upande wa pili wa bonde na akarudi na jembe lake.

Ndugu zangu, nawaambia, mie riziki yangu yote ilikuwa kooni. Ni mwalimu wa Kiingereza, wa watoto wadogo, na kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Shule niliyokuwa nafundisha ilipofungwa sikulia sana, nikajiambia koo si ninalo? Wazazi wawili watatu wakaniuliza, "Madam, huwezi kuwafundisha hawa kwa simu? Wakirudi kutoka shule wanakaa na katuni tu." Nikaanza. Simu nikaiegemeza kwenye ndoo ya unga, ubao mdogo mweupe ukutani, pazia nikalishusha ili kuku wa jirani wasionekane kwenye kamera. Watoto nikawapata wa Kimara, wa Mbagala, wa Kigamboni, darasa la pili na la tatu. Ikifika jioni wanawasha kamera, tunajifunza kuongea na kuandika.

Msicheke. Mwenye kuku mwenyewe yumo humu ndani, ila simtaji. Na nyie msigeuke kumtazama.

Kiwalani yetu mnaijua. Ndege ikiwa inatua, hata kama unagombana na mumeo mnasubiri ipite kwanza, ndo muendelee. Darasa langu nalo likawa hivyo hivyo. Ndege ikija natulia, watoto wananiangalia nilivyonyamaza mdomo wazi, wanacheka, inapita, tunaendelea.

Nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa. Nasema sentensi, wao wanaitikia wote kwa pamoja. Na mwalimu akiingia, wanafunzi wanasimama. Hii hakuna ambaye hajaipitia humu. Mnasimama, mnamwamkia kwa pamoja, na hakuna kukaa mpaka aseme kaeni. Basi nami nikaihamishia kwenye simu. Kila mtoto anasimama huko kwao. Sasa fikirieni wenyewe, kamera iko mezani, mtoto kasimama, mie naona nini? Naamkiwa na matumbo! Vifungo vya mashati, mikanda, shati moja lina doa la mchuzi, yote yananiambia "Good afternoon, teacher." Tena kwa neti zetu hizi, Mbagala wanamaliza ndo Kimara wanaanza. Nikisema "Sit down," nyuso zinashuka moja moja kwenye kioo, zinatabasamu, moyo wangu unajaa. Niliwapenda wale watoto hata kabla sijawafundisha kitu.

Kulikuwa na binti mmoja wa Kigamboni. Kwenye kuitikia pamoja alikuwa na sauti nzuri sana. Lakini mwite peke yake, muulize hata umekula nini leo, haonekani. Anazama chini ya meza, mie nabaki naongea na feni ya kwao. Mama yake alikuwaga ananiomba msamaha kila siku. Nilimwambia aache tu, kila mtoto ana siku yake. Moyoni sikuwa na uhakika.

Basi. Shingoni nilikuwa na goita, wengine wanaita rovu. Nilikuwa nayo tangu usichana, nikaizoea, nafunga kitenge, maisha yanaenda. Ikaanza kukua, nikilala napumua kwa taabu. Hospitali wakasema itolewe. Ikatolewa, na kazi waliifanya vizuri, namshukuru Mungu nipo hai. Ila nilipozinduka, nikataka kumsalimia mume wangu, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Upepo tu.

Daktari akanieleza taratibu kwamba uko mshipa unaoendesha sauti, unapita palepale, wakati mwingine unashtuka. "Inaweza kurudi yote, inaweza kurudi kidogo, inaweza isirudi. Tusubiri."

Tusubiri. Mwenye koo lake zima ndo anasema tusubiri. Mie nililala pale nikajiuliza, mwalimu wa kuongea asiyeongea ni mwalimu wa nini?

Nilirudi nyumbani nikiwa na kidaftari na kalamu. Mume wangu, Mungu amweke, nikimwandikia kitu alikuwa ananijibu kwa kunong'ona! Nikimwandikia, "Mie nasikia, masikio hayajapasuliwa," anacheka, dakika mbili baadaye anarudia kunong'ona. Jirani yangu huyu ambaye simtaji, mtoto wa pwani, mdomo kaujaaliwa, akasema, "Shoga, kwani shida nini? Miye nnayo sauti ya watu wawili." Akawa mdomo wangu. Tukienda gengeni naonyesha nyanya kwa kidole, yeye anabishana. Alibishana mpaka muuza genge mmoja alikuwa akituona anaanza kufunika vitu. Uji alikuwa ananiletea mwenyewe, anakaa pembeni mpaka niumalize, huku ananisimulia habari za mtaa mzima. Nilicheka bila sauti mpaka mshono unauma.

Lakini ndugu zangu, jirani akishaondoka, na mume naye akishaenda kazini, mie nilikuwa nakaa kitandani naiangalia ile ndoo ya unga. Nilianguka hapo. Sikutaka kwenda kanisani, maana kwaya ikianza natamani kutoka mbio. Simu ya mtu yeyote sikupokea. Wiki zinaenda, sauti hairudi. Kila jioni ule muda wa darasa ukifika nalala naugeukia ukuta.

Mwisho nikaona nisiwazungushe wazazi wa watu. Nikaandika kwenye grupu lao: "Wazazi wangu wapendwa, sauti yangu haijarudi na sijui kama itarudi. Naomba muwatafutie watoto mwalimu mwingine. Nawashukuru kwa upendo wenu." Nikaituma, nikaizima simu, nikajifunika shuka.

Nilipoiwasha kesho yake ikalia hapohapo. Mama yule wa Kigamboni. Sikupokea. Ikalia tena. Ikalia tena. Ya nne nikapokea, nikaiweka sikioni.

"Madam, shikamoo. Najua huwezi kujibu. Gonga simu kwa kucha nijue unasikia."

Nikagonga.

"Haya. Gonga moja ndiyo, gonga mbili hapana. Umekula?"

Nikagonga moja. Nilikuwa namdanganya.

"Umeona nilivyojua unanidanganya? Nenda kale. Sasa nisikilize. Huyu mwanangu nimemwambia madam anaacha, amelia toka jana. Nimemwambia nitakutafutia mwingine, kasema hamtaki. Wazazi wenzangu nimeongea nao, wote watoto wao hawataki. Leo jioni fungua darasa."

Nikagonga mbili.

"Fungua tu. Wakuone."

Nikagonga mbili, kwa nguvu.

"Madam, mie sijakupigia kuomba masomo. Watoto wanadhani umekufa tunawaficha. Fungua wakuone uso, ufunge."

Hapo jamani ningegonga nini? Nikagonga moja.

Jioni nikajifunga kitenge cha kichwa kizuri, nikavaa hereni. Simu nikairudisha kwenye ndoo yake. Nikafungua. Wakaingia mmoja, wa pili, wa tatu, wote wakafika, hata mmoja wa Mbagala ambaye kwa utoro hana mpinzani. Nikawapungia mkono. Na wao, kwa mazoea waliyolelewa nayo, wakafanya nini? Wakasimama. Wote. "Good afternoon, teacher! How are you, teacher?"

Wakanyamaza, wanasubiri niwaambie wakae.

Nikafungua mdomo. Hamna. Nikawaashiria kwa mikono, kaeni, kaeni. Sasa nani ananiona? Macho yao yako juu ya kamera huko, kila mmoja anaangalia ukuta wa kwao! Mie nawapungia matumbo. Nikachukua kalamu, nikaandika "Sit down" kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikaliinua bango langu. Nani analisoma? Vifungo? Wamesimama. Watoto wenye adabu, hawakai mpaka mwalimu aseme. Mmoja ameanza kuhama mguu kwa mguu. Nikaanza kucheka, kile kicheko cha upepo, halafu kicheko kikageuka, machozi yakanishuka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, kweli nimekwisha, hata kumkalisha mtoto sijui.

Nikanyoosha mkono nifunge lile darasa.

Ndo nikaona kwenye kioo kuna mmoja ameinama. Kichwa kikashuka taratibu, jicho moja, la pili. Ni yule binti wa Kigamboni. Akaniona nalia na bango mkononi. Akasoma. Akanitazama. Mie nikajua sasa huyu anazama chini ya meza, namjua.

Hakuzama. Alivuta kiti, akakaa, akasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, akasema kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, "Sit down, everybody. Teacher cannot talk. I will talk."

Anawaambia wenzake, kaeni, mwalimu hawezi kuongea, mie nitaongea. Yule yule mwenye feni.

Wakakaa. Ndugu zangu, wakakaa! Na yeye akaongea. Aliongea Kiingereza kilichopinda kona zote. Aliwaambia kwao kuna paka amezaa kabatini kwenye nguo za baba, na baba amekwenda kazini na suruali ya juzi kwa sababu mama amekataza paka asisumbuliwe. Wa Kimara akamuuliza, paka wangapi? Kwa Kiingereza! Wa Mbagala akasema anaomba mmoja. Wakaanza kugombania paka, kila mmoja kwa maneno yake, hakuna kuitikia pamoja, hakuna kurudia nyuma yangu. Mie nimekaa nimeshika mashavu. Nilikuwa nimewafundisha muda wote ule na sikuwahi kusikia hata mmoja akisema jambo lake mwenyewe. Ndege ilipita, wakanyamaza wenyewe, ikaisha, wakaendelea na paka.

Sikulifunga darasa. Kesho yake nikafungua tena. Nikawa naandika swali moja ubaoni, wao wanajibu mmoja mmoja. Halafu wanaandika walichosema, wanapiga picha wananitumia, mie nasahihisha kwa kalamu nyekundu, nairudisha, wanamsomea mwenzao. Kusimama nikakupiga marufuku kwa maandishi. Wakaandika habari za bibi anayekoroma, za mvua iliyoingia sebuleni, za kaka anayenyoa kipara kila Jumapili. Nilikuwa nayasoma kitandani, mume wangu ananisikia navyocheka kwa pumzi, ananinong'oneza, "Wameandika nini tena?"

Na sauti ikaanza kurudi. Siyo kwa kishindo. Asubuhi moja nilimfukuza kuku jikoni, nikasikia "Shii!" Nikageuka kuangalia nani kaingia. Kumbe mie! Jirani alisikia akaja mbio kanga inadondoka, tukakumbatiana palepale, tunalia wote wawili, kuku akala mchele tuliokuwa tumeuanika.

Daktari amesema hapa ilipofika ndipo ilipofika. Kwenye kwaya nimehamishiwa na akina baba, naimba besi. Mchungaji anasema haijawahi kuwa nzuri hivi. Namwitikia amina.

Sasa shukrani zangu. Namshukuru Mungu aliyenipa koo mara mbili. Namshukuru mume wangu aliyeninong'oneza na bado ananinong'oneza. Jirani yangu, uliniazima mdomo wako na hukunidai. Mama wa Kigamboni hayupo hapa, lakini nimemwomba ruhusa niseme habari zake, akasema nimwambie kila mtu kwamba paka wote walipata wa kuwafuga. Nanyi wa kikundi hiki, mliokuja kwangu mkakaa tu, hamkunilazimisha kitu, mkaosha vyombo mkaondoka. Niliwaona. Asanteni sana.

Funzo ninalo moja, chukueni, si la kununua. Ukianguka, usiwaage watu ambao hawajakuaga. Mie niliwaaga watoto wa watu kwa ujumbe wa simu nikajifunika shuka, nikidhani nimewapunguzia mzigo. Hawakuniona mzigo, walikuwa wananisubiri. Labda humu yuko mmoja leo ameshaandika ujumbe wake wa kuaga, bado hajautuma. Mama, usiutume. Fungua mlango, wakuone uso.

Namalizia. Siku sauti iliporudi kiasi cha kusikika kwenye simu, nilijipanga vizuri. Nikavaa gauni la kanisani. Nikafungua darasa, nikamkuta yule binti yuko katikati ya habari zake, nikakohoa, nikasema kwa Kiingereza, "Watoto wangu, mwalimu wenu amerudi!" Wakashangilia mpaka simu ikakwama. Walipotulia, nikavuta pumzi nianze kufundisha.

Binti akainua mkono, kwa adabu zake zote. "Teacher, please wait. I am not finished."

Subiri mwalimu, sijamaliza.

Nikasubiri.