Mzee Lesikar, Aliyetuonjea Shule Mbili

Leo, tarehe 31 Desemba 1915, Mzee Lesikar, tarishi wa misheni yetu, anastaafu baada ya kutumika miaka kumi na mitatu kasoro miezi miwili. Mimi, Mwalimu Kaanaeli, niliyefanya naye kazi miaka tisa, nimeombwa niandike habari zake zisomwe mbele ya usharika.

Alianza Machi 1903 akipeleka barua. Vijana wetu walipoanza kumaliza darasa la juu, akapewa kazi ya kuwasindikiza kila Januari. Wengine walikwenda seminari ya ualimu mlimani, siku tatu kwa miguu upande wa mashariki. Wengine walikwenda shule ya serikali pwani, safari ya majuma mawili na zaidi kabla reli haijafika Moshi.

Hajui kusoma. Lakini shule hizo alizijua kuliko sisi walimu, maana hakuwaacha vijana langoni akarudi. Alikaa siku nne, tano, akala chakula chao, akalala bwenini mwao, akaketi nyuma darasani. Huko pwani mwalimu wa hesabu alimwuliza swali kama mwanafunzi: ng'ombe ishirini na wanne, ndugu watatu, kila mmoja apate wangapi? Mzee akataka kwanza kujua mkubwa ni yupi. Darasa lilicheka mpaka kengele. Aliporudi alituambia masomo ya kule ni mazuri sana, ila mwalimu hajawahi kurithi.

Wazazi walimfuata hata kisimani kumwuliza, naye hakupamba. Mlimani, alisema, vijana wanalima shamba la shule mpaka jua liwe kali ndipo waingie darasani. Baridi ni kali na blanketi ni moja. Lakini wanapendana, wanaimba, na Pasaka mtu anafika kwao. Pwani wanasoma asubuhi nzima, wana hesabu na mwandiko wa ofisini, wana vitanda na tarumbeta. Lakini homa ipo, na kijana wa bara anachekwa kwa Kiswahili chake mpaka anyamaze.

Januari 1914 alikuja Anyesi, mjane wa Kikwe, na Naftali, mwanawe wa pekee, mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha. Mimi nilitaka aende mlimani. Naftali alitaka pwani. Anyesi hakuniuliza mimi.

"Baba Tabea," alimwambia Mzee Lesikar, "angekuwa wako, ungempeleka wapi?"

Mzee alimtazama Naftali. "Mlimani atakuwa na furaha. Pwani atajua zaidi. Kichwa cha huyu, Mama Naftali, ni cha pwani."

"Basi mpeleke pwani."

Akampeleka. Mwezi huohuo akampeleka Efraimu, kijana mwingine wa usharika wetu, mlimani.

Agosti vita vikaanza. Shule ya pwani ikafungwa, na wanafunzi wakubwa wakafanywa wapagazi. Mwezi Machi mwaka huu Mzee Lesikar aliondoka kumtafuta Naftali, bila kutumwa na mtu. Alirudi baada ya siku thelathini na tisa, miguu imevimba. Alikuwa amemwona mpagazi aliyemzika. Kuhara damu, kando ya njia. Alikwenda Kikwe kusema mwenyewe, hakukubali niende kwa niaba yake.

Julai wale wa mlimani nao wakachukuliwa upagazi. Kati ya vijana saba waliochukuliwa pamoja na Efraimu amerudi mmoja, naye anasema wengine asiwatazamie mtu.

Kila Jumapili baada ya ibada Anyesi humwuliza Mzee swali lilelile: "Ningemchagulia mlimani, angekuwa hai?"

Mzee angeweza kumjibu kwamba shule zote mbili zilikuwa na mwisho mmoja. Pengine jibu hilo lingempunguzia mama huyu mzigo. Lakini mama yake Efraimu huketi benchi moja na Anyesi, bado anasubiri. Basi Mzee hujibu, "Mimi ndiye niliyesema pwani," na Anyesi huondoka bila kumpa mkono. Nimeliona hilo Jumapili nyingi, nami sijasema neno. Nalisema leo kwa ruhusa ya mama yake Efraimu, aliyeniambia jana kwamba amechoka kusubiri.

Mchungaji alimsihi abaki mpaka amani irudi. Alikataa. "Sitamtoa tena mtoto wa mtu nyumbani kwao," alisema.

Mzee Lesikar, tunakushukuru kwa miguu yako, na kwa kutotudanganya hata mara moja juu ya chakula, kitanda wala darasa. Ulitueleza yote mtu anayoweza kuyaona. Nenda ukapumzike kwako Lemara. Tunakutakia usingizi, na mvua ya kutosha shambani. Yale mengine ambayo watu hutakiana siku kama hii, Baba Tabea, utusamehe. Hakuna kati yetu anayeweza kuyatamka leo.