Ufa Ndio Picha ya Kwanza

Mama fundi alikuwa ameipakata cherehani yake kuukuu ndani ya basi, akiipiga picha kwa simu. Basi liliponasa kwenye foleni, mkono wake ukatulia, akaupiga picha vizuri ufa wa ubavuni mwa mashine.

"Ufa wa nini tena, mama?" akauliza kijana aliyeketi kando yake, muuza simu za mtumba. "Kwenye mnada wa mtandaoni picha ya kwanza ndiyo chambo. Geuza upande mzuri, anza na bei ya chini, watu wagombanie."

"Ufa ndio picha ya kwanza, mwanangu."

"Basi hakuna atakayepanda dau."

"Asipande. Mguu wangu umechoka kukanyaga pedali, nataka ya umeme, na bila kuuza hii siipati. Lakini simuuzii mtu kitu huku nimemficha kasoro yake." Akatoa kitambaa chenye mshono mmoja mrefu, ulionyooka. "Nimeushona asubuhi kwa mashine hii hii. Hii picha ya pili. Anayejua kushona atausoma."

"Na asiyejua?"

"Huyo akanunue simu kwako."

Kijana akacheka, huku akikifunika kwa kiganja kioo cha simu yake, kilichopasuka pembeni. Mimi, niliyeketi nyuma yao, niliona kila mmoja ana hoja.

Basi likasimama kituoni kwa mama. Akainuka na mzigo wake, taratibu, akichechemea kidogo.

"Bado picha ya pedali," akasema. "Iko nyumbani. Nitaipiga kesho."

"Ifute kutu kwanza, mama."

"Nitaipiga na kutu yake."